Kwa Mvuke na Karanga: Kula Njiani kutoka Mutukula hadi Malaba

Jumatano. Mutukula na Masaka

Shemeji alikuja Bukoba kwa harusi, na wakati wa kurudi kwao Tanga akakataa katakata kupita Mwanza. Alitaka aione Uganda, atokee Malaba, apite Nairobi na Mombasa, aingie nyumbani kwa mpaka wa Horohoro. Nikapewa kazi ya kumsindikiza hadi Malaba. Sikubembelezwa; njia ile naijua ina nini cha kula.

Shida ni kwamba matumbo yetu hayakulelewa pamoja. Kwa shemeji, chakula kisicho na bizari, nazi wala pilipili ni cha mgonjwa. Mimi ni Mhaya, ndizi nimezila kabla sijaota meno, na siku zote nashikilia kuwa jiko la Uganda lisihukumiwe kwa viungo, maana halijawahi kuahidi viungo. Liulizwe habari za moto, mvuke na karanga. Tukaanza kubishana hilo kabla hata hatujagongewa pasipoti.

Upande wa Uganda, hatua chache kutoka kituo cha mpaka, kuna safu ya vihoteli vya mabati. Tukaingia chenye sufuria kubwa kuliko vyote. Asubuhi watu wa huku hula katogo: ndizi mbichi zilizomenywa, zikapikwa sufuria moja na utumbo, maini, maharage au karanga. Yetu ilikuwa ya utumbo. Aliyeuosha anajiheshimu; hauna harufu, na umechemka mpaka unakatika kwa kijiko. Ndizi ndizo nilizozilalamikia. Zilikuwa zimeanza kuvurugika, wakati kwetu ndizi lazima ishike umbo lake mpaka mdomoni. Shemeji akaomba pilipili, akaletewa mbili mbichi kwenye kisosi, akazimaliza bila kusema neno.

Kilichomlainisha ni chai. Ukiagiza chai ya maziwa huku, majani yanachemshiwa ndani ya maziwa yenyewe pamoja na tangawizi. Si maji ya moto yaliyotiwa maziwa kwa huruma. Akaongeza kikombe. Tukalipa shilingi 5,000 za Uganda kila sahani ya katogo, chai mbali.

Masaka tulifika jioni, na kwa kuwa ni Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, nilijua usiku tutakwenda wapi. Kwenye kilima nje ya mji wanasimamisha mabati mapya, yameinamishwa kuelekea ndani ya mapipa, na juu yake zinaning'inia taa kali ambazo huwezi kuzitazama. Pembeni wanachoma majani mabichi ili moshi upande. Senene wanaifuata taa, wanalewa moshi, wanagonga bati, wanateleza, wanaishia pipani. Ukisimama karibu unasikia mlio wa mvua ya kwanza juu ya paa, ila mvua hii inatambaa hadi kwenye kola ya shati lako.

Chini ya kilima kina mama na vijana wanakaa kwenye mikeka wakinyofoa mabawa na miguu kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Kikaango hakitiwi mafuta. Senene ana mafuta yake, unamtia chumvi na kitunguu tu, moto mdogo, unageuza. Niliwala wakiwa bado laini, tofauti na wetu wa Bukoba tunaowakausha mpaka wanavunjika menoni. Kwa kutafuna na chai nawapa ushindi Bukoba. Kwa kula moto moto pale pale kikaangoni, Masaka imetushinda na sioni haya kusema. Kijana aliyetuuzia hakuonja hata mmoja: yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na Muganda hali mwiko wa ukoo wake. Anauza kutwa, halambi hata kidole. Shemeji naye hakuwa wa ukoo huo, lakini alijinunulia hindi la kuchoma akasimama mbali na taa.

Alhamisi. Lukaya, kisha Kampala

Basi linalokwenda Kampala likikaribia Lukaya, dereva anapunguza mwendo na abiria wanaanza kupekua mifuko. Kabla gurudumu halijasimama, madirisha yameshajaa vijiti: kuku, nyama ya ng'ombe, maini, na ndizi za gonja zimelazwa kwenye karatasi. Wauzaji wanakimbia na makoti yao ya kazi, kila mmoja anasukuma kijiti chake mbele ya cha mwenzake.

Hapa kuna ujanja mmoja. Usinunue kinachokufuata dirishani. Shuka, nenda kwenye majiko, nunua kile kinachotonesha mafuta kwenye makaa. Kuku wa dirishani alichomwa alfajiri, akapoa, akarudishwa motoni, akapoa tena. Ukimng'ata anakuwa nyuzi tupu. Wa jikoni ngozi imekauka lakini ndani kuna maji. Shemeji kabla ya kutoa hela akauliza nani kachinja. Mwenye jiko, mzee wa makamo, akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Muislamu mwenzako, ami, mimi mwenyewe," akamwonyesha kofia. Hapo ndipo paja likanunuliwa.

Gonja ya Lukaya haina mpinzani katika njia hii yote. Ni ndizi ya kuchoma, ndefu, inaachwa iive mpaka ganda liwe na madoa meusi, kisha inapewa moto wa taratibu ili sukari igeuke ukoko bila kuungua. Ukikuta nyeupe katikati, rudisha. Sisi tulikula tukakaribia kusahau basi.

Baada ya hapo Kayabwe, mstari wa ikweta, watalii wanapiga picha kwenye ile duara ya saruji. Basi letu halikusimama.

Kampala tuliingia kwenye foleni ya jioni, na usiku nikampeleka shemeji Wandegeya, chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, kula rolex. Kijana ana meza, jiko la mkaa na kikaango bapa. Mayai mawili yanapasuliwa ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia humo kitunguu, kabichi na nyanya kwa kisu bila ubao, anakoroga, anamwaga. Likishikana analiwekea chapati juu, anageuza, anapanga vipande vya nyanya mbichi, anaviringisha. Shilingi 3,000, na unakula umesimama.

Nilitarajia mzozo, maana mtu wa Tanga ana msimamo mkali kuhusu chapati. Akaifungua, akaikagua, akasema haina tabaka hata moja. Kweli haina. Lakini yeye mwenyewe baadaye akakiri kwamba chapati ya tabaka ingepasuka kabla ya kuviringishwa. Hii imekandwa nzito kwa makusudi, ibebe yai na nyanya bila kuvuja. Makosa ya rolex ile yalikuwa chumvi, ambayo kijana aliirusha kwa vidole bila kutazama, ikaangukia upande mmoja wote.

Wandegeya pia inajulikana kwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Nikapita nikiangalia mbele, maana nimeoa dada wa shemeji.

Ijumaa. Kampala ya Kale, Kisenyi na Ggaba

Tukaswali, yaani yeye akaswali, kwenye ule msikiti mkubwa wa kilima cha Kampala ya Kale uliojengwa kwa fedha za Gaddafi. Mimi nilikaa nje kwenye kivuli nikihesabu minibasi. Mchana tukashuka Kisenyi kwa Wasomali.

Hapa shemeji alikuwa nyumbani. Wali wa rangi, bega la mbuzi lililochemshwa kisha likapitishwa motoni, ndizi mbivu pembeni, ndimu, na bakuli la basbaas, ile pilipili ya kijani inayokuingia masikioni. Mbuzi hana lawama hata kidogo. Wali nitaulaumu: mafuta yalituama chini ya sahani, na zabibu zilitiwa nyingi kana kwamba ni sikukuu. Meza za jirani walikaa madereva wa malori, Wakongo wenye biashara ya vitenge, na mama mmoja wa Kinubi kutoka Bombo aliyekuwa akiwagawia wanawe nyama, wote Kiswahili. Serikali ya Uganda ilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kisenyi haikusubiri.

Jioni Ggaba, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria. Unachagua sato wako mbichi, anapasuliwa mgongoni kwa kisu, anazamishwa kwenye karai la mafuta, analetwa mzima na kachumbari na chipsi. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kuzuia uvuvi wa samaki wachanga, na siku ile sikumwona pale sato wa kiganja. Huyu wetu alijaza sahani kutoka ukingo hadi ukingo, shilingi 30,000, na tulikula wawili.

Nimezaliwa ziwa hilo hilo, upande wa pili, kwa hiyo nasema bila upole: walimkaanga mno. Sato anakaangwa mpaka mapezi yawe makavu, basi. Huyu alikaushwa hadi nyama ya tumboni, na hapo ndipo penye utamu. Ladha ikabaki kichwani tu, kwenye mashavu, nami nikadai kichwa. Shemeji hakupinga. Kosa si la mpishi peke yake. Wateja wa mjini wanataka samaki anayelia menoni, na wanarudisha asiyelia.

Jumamosi. Mengo, na luwombo

Jana usiku, tuliporudi, tulijaribu luwombo, mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, kwenye hoteli ya karibu na tulikolala. Sitaitaja. Kilichofunguliwa mbele yetu ni mchuzi wa kuku wa kawaida, uliopikwa sufuriani, ukatiwa jani juu dakika za mwisho ili mgeni afurahi. Nilijua kabla ya kuonja. Jani lilikuwa la kijani kibichi, gumu, mshipa wake wa katikati umesimama kama ulivyotoka mgombani. Jani lililofanya kazi haliwi hivyo.

Kwa hiyo leo asubuhi nikatafuta luwombo ya kweli, na mwenye nyumba ya wageni akatuelekeza kwa mama mmoja upande wa Mengo, kwenye miteremko chini ya kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Tulifika saa nne, mapema mno kwa kula, ndiyo sababu tuliona kila kitu.

Jani changa la mgomba linapitishwa juu ya moto mpaka linabadilika rangi na kulegea. Kisha linatolewa mshipa kwa kisu, taratibu, lisichanike. Likitoboka hata kidogo mchuzi umekwenda. Ndani linawekewa kuku mzima aliyekatwa, ambaye kwanza amebabuliwa kwenye makaa ili apate moshi, pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi na maji kiasi. Mafuta hakuna. Kwenye majani mengine wanatia karanga zilizotwangwa na samaki mkavu, au uyoga. Linakusanywa juu, linafungwa kwa kamba ya mgomba, na vifurushi vyote vinapangwa ndani ya sufuria moja kubwa juu ya matoke, vinafunikwa majani juu ya majani, moto wa kuni, saa zinakwenda.

Matoke nayo yana kazi yake. Yamemenywa, yakafungwa kwenye majani, yakakalishwa juu ya mabua ili yasiguse maji, yakaiva kwa mvuke mtupu. Yakilainika mama anakitoa kifurushi kikiwa kinafuka, anakiminya kwa viganja kupitia majani mpaka ndizi zinasagika zote ndani bila kufunguliwa, halafu anakirudisha motoni kitulie. Niliomba kujaribu kukiminya. Nilikiacha nikapuliza vidole, wasichana wa jikoni wakacheka sana, naye akaendelea kuminya huku anazungumza na simu iliyobanwa begani.

Husimuliwa kwamba luwombo ilitoka jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887, na kwamba ilikuwa ya ikulu kabla haijashuka kwa watu. Yule mama alisema kitu kingine ambacho nimekishika zaidi: luwombo haionjwi. Ukishaifunga huwezi kurudi kurekebisha chumvi. Mpishi wake anajulikana hapo.

Saa saba zikafunguliwa. Majani yamekuwa ya kahawia, laini kama kitambaa, na mvuke uliotoka una harufu ya mgomba, moshi na kuku kwa pamoja. Mchuzi ni mwembamba, unaona chini ya bakuli, lakini uzito wake wote uko kwenye ladha. Nyama inaachia mfupa ukiitazama tu. Chumvi: sawasawa. Matoke manjano, moto, laini, na yaliwekwa juu ya jani lake, maana yakipoa yanakuwa magumu na yanabadilika rangi, ndiyo maana mtu akikuletea matoke yaliyopoa amekudharau. Pembeni wakarundika na boga, viazi vitamu, majimbi, mihogo na wali, vyote sahani moja. Shemeji akauliza kama kuna wageni wengine wanakuja.

Ya karanga ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Karanga za ganda jekundu, mchuzi ukawa na rangi ya waridi iliyofifia, mafuta yake mwenyewe yamepanda juu, na samaki mkavu ndani amerudi kuwa laini. Kuku shilingi 25,000, ya karanga 12,000. Shemeji alikula kimya, akachovya, akachovya tena, hatimaye akasema, "Ingetiwa tui." Nikamwambia karanga ndiyo tui la hapa. Akasema hapana, tui ni tui. Tukaacha hapo.

Jumapili. Jinja

Namawojjolo na Najjembe tulivipita kwa basi, vijiti dirishani, lakini Lukaya ilikuwa imeshatuharibu. Mto Naili tukauvuka kwa daraja jipya lililofunguliwa 2018. Jinja mchana wa Jumapili mji umelala, maduka ya zamani ya Wahindi yamefungwa milango. Sambusa tulizopata zilikuwa za dengu, baridi. Jioni nikanywa bia ya Nile Special kando ya mto, karibu kabisa na kiwanda chake cha Njeru, na sikuona tofauti yoyote na ile inayouzwa Masaka. Shemeji alikunywa munanansi, ganda la nanasi lililochemshwa na tangawizi na kuachwa lichachuke kidogo. Alipata kinywaji bora kuliko changu.

Jumatatu. Mbale

Tumepita Iganga na barabara ya Tirinyi, mpunga kulia na kushoto kwenye mabonde, mpaka mlima Elgoni ukajitokeza. Mbale nilikuja kwa ajili ya malewa: machipukizi ya mianzi yanayoletwa kutoka misitu ya mlimani, yamekaushwa kwa moshi. Wagisu wanayaloweka, wanayachemsha mpaka yalainike, wanayapika kwenye karanga zilizosagwa. Tuliyapata kwenye kihoteli cha sokoni, shilingi 8,000, na ugali wa ulezi.

Mdomoni yana ukinzani mdogo, kati ya uyoga na nyama ya kuvuta, na moshi wake ni mkali kuliko nilivyotegemea. Karanga inaushika ule moshi na kuutuliza. Hakuna bizari, hakuna kitunguu saumu. Shemeji aliyemaliza siku kadhaa akidai pilipili alikula bila kuidai, na nilipomwangalia akasema nisianze maneno. Ugali wa ulezi ndio aliokataa. Alisema unanata kama gundi, na kwa kweli ule wa siku hiyo ulinata.

Sasa malalamiko. Miteremko ya Elgoni inatoa arabika ya Bugisu, kahawa inayosafirishwa ng'ambo na kuuzwa kwa bei ya heshima. Mahali tulipofikia niliagiza kahawa, nikaletewa kikombe cha maji ya moto na kopo la unga wa kukoroga kutoka ng'ambo hiyo hiyo. Kupitia dirisha nikiwa nauona mlima. Nikanywa chai.

Jioni dereva wa bodaboda akatupeleka penye malwa, pombe ya ulezi. Chungu kimoja katikati, wazee wamekizunguka kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Chungu kinaongezewa maji ya moto kila kinapopungua, kwa hiyo unakunywa vuguvugu, chachu, na kichwani inapanda polepole sana mpaka usimame. Nimekulia rubisi, pombe ya ndizi, ambayo ni tamu na inakupiga mapema. Hii ni ya mazungumzo. Wazee walitaka kujua bei ya ng'ombe Kagera, na kama kweli sisi tunapika ndizi na samaki. Walisikitika.

Jumanne. Tororo, Malaba

Mwamba wa Tororo asubuhi, kisha Malaba, na foleni ya malori isiyo na mwisho. Kula hapa ni kula kwa madereva: ugali, sukuma wiki, nyama ya kukaanga, maharage, vyote haraka na kwa Kiswahili cha Mombasa. Tukafuata wenye tumbo, tukaingia walikokuwa wanaingia wao. Nyama ilikaangwa vizuri na nyanya, ikatiwa, kwa mara ya kwanza tangu Kisenyi, bizari ya kutosha. Shemeji akachovya, akatafuna, akarudisha mkono kwenye sahani taratibu.

"Bizari imezidi," akasema.

Dereva mmoja wa Mombasa aliyekaa nasi akamcheka, akamwambia akivuka asile chochote mpaka Bungoma, huko kuna kuku. Shemeji akamuuliza anapikwaje. Wakaanza kuelezana, mmoja anakatiza mwenzake, mpaka kondakta wa basi la Nairobi akaja mlangoni kuita abiria.